Kila nikipima homoni majibu yanageuka: nifuate namba ipi?

*Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo kaskazini ya Pemba, kazi yangu ni mwani. Miaka mitano nyuma nilipojifungua mtoto wa mwisho damu ilinitoka nyingi mpaka nikaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka hata tone, hedhi haikurudi, nywele zikapukutika, nikawa mtu wa baridi na uchovu. Nilihangaika kwingi, hata kombe nilinywa, mpaka mwaka jana huko Unguja wakaniambia tezi ya kichwani imekufa sehemu kubwa. Sasa nakunywa prednisoloni miligramu 5 asubuhi, levothairoksini mikrogramu 75, vidonge vya kuleta hedhi, na vitamini za nywele nilizonunua mwenyewe. Lakini kila nikipima majibu yanageuka. Kotisoli mara ya kwanza ilikuwa 61. Baada ya miezi ikawa 310, nikafurahi, nikawa nakikata kidonge nusu. Wiki ya tatu nikaanguka ufukweni. Nikapima maabara nyengine ikaja 9.8, nikaogopa, na tokea wiki iliyopita nakunywa viwili. TSH ni 1.8, kituoni wakaniambia hiyo nzima, niache dawa ya tezi. Nifuate namba ipi? Na Ramadhani nifunge?*

Waalaykum salaam, dada yangu, na pole. Miaka minne ya kuambiwa huna kitu wakati mwili unakwambia unacho ni mingi.

Nianze na lisilongoja. Prednisoloni usiikate tena, na dawa ya tezi ya shingo, yaani levothairoksini, usiache. Kesho rudi kwenye kidonge kimoja cha miligramu 5 kama ulivyoandikiwa, ikiwa huna homa wala hutapiki. Kwa vile umevinywa viwili kwa wiki moja tu, kurudi hakutakudhuru. Angekuwa mtu aliyezidisha kwa miezi ningemwambia azungumze na daktari wake kwanza. Kisha mwite daktari aliyekuanzishia dawa umweleze kwamba ulianguka. Hilo la kuanguka ndilo habari kubwa katika barua yako, kubwa kuliko namba zote tatu.

Sasa tuzitazame hizo namba. Kotisoli ni homoni ya kuubeba mwili katika shida na maradhi; hutengenezwa na tezi za juu ya figo kwa amri ya tezi ya kichwani, ile ya pituitari, na prednisoloni ndiyo badala yake. Chukua karatasi zako mbili za mwisho uziweke pamoja. Usitazame namba, tazama herufi ndogo zilizoandikwa mbele yake. Kwenye ile ya 310 nina yakini utakuta nmol/L, yaani nanomoli kwa lita. Kwenye ile ya 9.8 utakuta µg/dL au ug/dL, yaani mikrogramu kwa desilita. Ni vipimo viwili vya kitu kimoja, mfano wa pishi na kilo. Kotisoli iliyopimwa kwa mikrogramu ukitaka kuigeuza nanomoli unaizidisha kwa 27.6. Zidisha 9.8 kwa 27.6 utapata 270. Basi hukuporomoka kutoka 310 hadi 9.8. Ulitoka 310 ukafika 270, na tofauti ya namna hiyo baina ya maabara mbili zenye mashine mbili haina uzito wowote. Ulikiongeza kidonge kwa kuogopa kitu ambacho hakikutokea.

Jambo hili linaniuma kwa sababu si lako peke yako. Mgonjwa wa Pemba anapimwa Chake, mwezi mwengine Unguja, akibahatika anafika Dar es Salaam, na kila maabara ina mashine yake na mizani yake. Karatasi zote zinaingia katika mfuko mmoja wa plastiki, na daktari anayefuata anasoma namba haraka haraka kabla ya mgonjwa wa pili kuingia. Uwe na tabia hii: kila karatasi unayopewa, andika kwa kalamu pembeni maabara ilipopimwa, saa uliyotolewa damu, na saa uliyokunywa kidonge siku ile. Maelezo hayo matatu yananifaa kuliko namba yenyewe.

Nikusimulie na hiyo saa, maana ndipo penye moyo wa swali lako. Wewe ni mkulima wa mwani, unayajua maji kuliko mimi. Hakuna anayekwenda pwani maji yamekupwa, akakuta ngalawa zimelala mchangani, akarudi mjini kusema bahari imekauka. Huuliza ni saa ngapi, na ni bamvua au maji mafu. Homoni za tezi ya pituitari, na zile inazoziamrisha kama kotisoli, nazo zina kujaa na kupwa. Kotisoli kwa mtu mzima wa afya hujaa kabla ya kuamka na kuwa juu asubuhi, hushuka mchana, na kiasi cha saa 6 za usiku huwa chini kabisa. Ndani ya mwendo huo yapo na mawimbi madogo madogo, kwa sababu tezi haimimini homoni kama bomba lililofunguliwa; hutema, ikanyamaza, ikatema tena. Homoni ya hedhi inayoitwa LH hutemwa kila baada ya dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mwezi wa mwanamke. Homoni ya ukuaji hutoka zaidi usiku mtu akiwa katika usingizi mzito, ndiyo maana kuipima mchana kwa kubahatisha ni kupoteza pesa. Prolaktini hupanda hata kwa hofu ya sindano.

Kwa hiyo kotisoli isiyo ya saa 2 asubuhi au karibu yake haina mahali pa kulinganishwa. Na hapa pana mtego wa lugha: ukiandikiwa uje 8:00, hiyo ni saa 2 asubuhi ya kwetu, si saa 8 mchana. Wapo waliofika saa 8 wamevaa vizuri, wakatolewa damu, wakaandikiwa kotisoli ya chini ambayo ni ya kawaida kwa saa ile.

Ile 61 yako ya mwanzo, kama ilitolewa asubuhi na kabla hujaanza dawa yoyote, hiyo ndiyo namba ya kweli katika zote tatu. Asubuhi, kotisoli iliyo chini ya 80 hivi za nanomoli (au 3 za mikrogramu) yatosha kusema mwili hautengenezi ya kutosha. Ikipita 400 hivi (au 15 za mikrogramu) huwa na matumaini kwamba inatosha. Na iliyo katikati hulazimika kufanyiwa kipimo cha kuichokoa tezi kwa sindano. Wewe ulikuwa chini ya mstari. Na tukiunganisha na damu iliyomwagika, maziwa yaliyokataa na hedhi iliyopotea, mtu hahitaji mashaka zaidi.

Ugonjwa wako una jina la daktari Mwingereza, Harold Sheehan, aliyeueleza mwaka 1937. Tezi ya pituitari ni ndogo kama mbegu ya kunde, ipo chini ya ubongo nyuma ya pua, lakini katika mimba hukua sana ili ijiandae kwa maziwa. Damu inayoilisha inapita katika mishipa yenye msukumo mdogo. Mama akimwaga damu nyingi wakati wa kujifungua presha huanguka, na tezi iliyonenepa ndiyo ya mwanzo kukosa chakula. Sehemu yake hufa. Ukosefu wa maziwa ndiyo dalili ya kwanza, na kwetu mara nyingi husemwa ni kijicho au mama hakula vizuri. Mkunga yeyote anayesoma hapa namwomba sana: mama aliyemwaga damu nyingi kisha maziwa yakakataa kabisa, asiachiwe kwenda nyumbani hivi hivi.

Sasa, 310 ilitoka wapi ikiwa tezi imekufa? Tezi haikufufuka, dada yangu. Nadhani siku ile ulikunywa kidonge chako asubuhi kama kawaida, kisha ukaenda kupima. Prednisoloni na kotisoli zimefanana umbo kiasi kwamba mashine nyingi za maabara huihesabu prednisoloni kuwa ni kotisoli, si yote lakini kiasi kikubwa. Ulipima kidonge. Ukaona kidonge kimefanya kazi vizuri, ukakipunguza kidonge, na mwili uliokuwa ukikiegemea ukaanguka ufukweni.

Na si hicho tu. Vidonge vya kuleta hedhi vina estrojeni, na estrojeni ya kumeza hulifanya ini litengeneze zaidi protini inayobeba kotisoli katika damu. Namba ya jumla hupanda bila ya mwili kupata chochote cha ziada. Kisha hizo vitamini za nywele. Nyingi huwa na bayotini kwa wingi, na bayotini huchanganya namna mashine kadhaa zinavyosoma: kotisoli na T4 (homoni ya tezi ya shingo) huweza kuonekana juu kuliko zilivyo, TSH chini kuliko ilivyo. Sikulaumu, nywele za mwanamke ni jambo zito. Lakini nywele zako zilianguka kwa kukosa homoni, si kwa kukosa vitamini. Ziache angalau siku tatu kabla ya kipimo chochote, na bora uziache kabisa.

Jibu langu basi kwa swali la nifuate namba ipi ni kwamba kwa kotisoli, ukishakuwa kwenye prednisoloni, usifuate namba yoyote. Hakuna kipimo cha damu cha kukwambia leo unywe nusu na kesho unywe viwili. Tunachofuata sisi madaktari ni mwili. Dawa ikipungua, mtu huamka hoi, hupata kizunguzungu akisimama, kichefuchefu, hukonda, sukari hushuka, sodiamu ya damu hushuka. Ikizidi, uso hujaa, tumbo hunenepa huku miguu inakonda, ngozi huchubuka na kuvilia, presha na sukari hupanda, na baada ya miaka mifupa hulika. Daktari wako akupime presha umelala na umesimama, sukari, sodiamu na uzito. Kwa vitu vyepesi hivyo anaweza kuamua kama miligramu 5 zinakutosha au zimezidi kidogo. Wengi huenda vizuri kwa miligramu 3 hadi 5 kwa siku. Ikiwa siku moja atataka kujua kama tezi imeamka, yeye ndiye atakayepanga kidonge kipi kisinywewe kabla ya kipimo. Usijipangie.

Kwa dawa ya tezi ya shingo, huko namba inafaa, lakini si ile uliyosomewa. TSH ni homoni ya pituitari, ni sauti ya mkubwa anayeiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake umeanzia shingoni, mkubwa hupiga kelele na TSH hupanda, kwa hiyo kuitazama TSH ni sawa. Wewe mkubwa mwenyewe ndiye mgonjwa. TSH yako itakaa chini, au itaonekana ya kawaida kabisa, hata kama mwili umekauka kwa kukosa homoni ya tezi. Aliyekwambia 1.8 ni nzima alisema lililo sahihi kwa wagonjwa wengine na lisilo sahihi kwako, na simwoni kuwa ana nia mbaya; wagonjwa wa aina yako ni wachache. Ukikutana naye tena mwambie kwa upole: "Mimi tezi ya kichwani imekufa, naomba nipimwe T4 huru." Tunataka T4 huru yako, yaani ile isiyoshikwa na protini katika damu, ikae nusu ya juu ya kiwango cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara hiyo hiyo. Nayo pia ina mizani miwili: iliyoandikwa ng/dL ukiizidisha kwa 12.87 unapata pmol/L, kwa hiyo 1.1 na 14 ni kitu kimoja.

T4 haina haraka kama kotisoli. Inakaa katika damu, nusu yake huondoka baada ya siku 7 hivi, ndiyo maana baada ya kubadilishiwa kidonge husubiriwa wiki 6 hadi 8 ndipo ipimwe tena. Siku ya kupima, toa damu kwanza, kidonge cha levothairoksini baadae. Na kila siku kinywe kwa maji matupu ukitoka kusali alfajiri, ungoje nusu saa hadi saa moja ndipo unywe chai. Prednisoloni iende pamoja na chai hiyo na muhogo wako. Kama unakunywa vidonge vya kuongeza damu, viweke mbali nacho kwa saa 4, kwani madini ya chuma hukizuia kisiingie mwilini. Wengi ambao T4 yao inapanda na kushuka bila sababu, sababu ni hii.

Jambo moja zaidi hapa, na ni la hatari. Dawa ya tezi ya shingo huuharakisha mwili kuitumia kotisoli. Mtu asiye na kotisoli akipewa levothairoksini peke yake anaweza kuzidiwa mpaka akafa. Kwa hiyo katika kuanza tiba prednisoloni hutangulia daima. Ikitokea huna pesa ya kununua zote, au duka limeishiwa, prednisoloni ndiyo isiyokosekana. Weka akiba ya mwezi mzima nyumbani.

Nimesema usibadilishe kidonge kwa sababu ya karatasi. Kwa sababu ya maradhi, badilisha, tena bila kungoja ruhusa. Mwili wenye afya ukipata homa hujiongezea kotisoli wenyewe mara kadhaa. Wako hauwezi, kwa hiyo uongeze wewe: homa ikifika digrii 38 kunywa mara mbili ya kawaida, ikifika 39 mara tatu, mpaka homa iishe na siku moja au mbili zaidi, kisha rudi kwenye kimoja. Malaria, homa ya matumbo, jipu, kung'olewa jino, kuvunjika, vyote vimo. Hukuniambia kama siku ulipoanguka ufukweni ulikuwa na homa. Kama ulikuwa nayo huku unakunywa nusu kidonge, umenusurika.

Kutapika na kuharisha ni shida nyengine, kwani kidonge hakikai. Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kukinywa, kinywe tena. Ukitapika tena, acha vidonge, unahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na dripu ya chumvi, na hilo si la kungoja asubuhi. Nakuwazia safari ya boti kutoka Mkoani siku za kusi. Kinywe kidonge mapema kabla ya kupanda, kikae tumboni, na vya akiba viwe katika mkoba unaoushika mkononi, si katika begi lililopakiwa chini.

Kuhusu Ramadhani nitasema la kitabibu, na la fiqhi utalimaliza na sheikh wako ukiwa na maelezo haya mkononi. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Suratul Baqara, wala si udhaifu wa imani kuitumia. Mtu ambaye mwaka huu amekwisha kuanguka, dawa zake hazijatulia, na anashinda juani maji yakiwa kiunoni, ningemshauri asifunge Ramadhani hii. Ukitulia miezi kadhaa bila ya kizunguzungu wala kuongeza dawa, mfungo ujao tutazungumza upya, mapema, tokea Rajab. Prednisoloni ina nafuu kwa anayefunga, kwani ikinywewa daku hukaa muda mrefu, tofauti na haidrokotisoni ambayo huisha baada ya saa chache na hunywewa mara mbili au tatu kwa siku. Levothairoksini huhamia usiku, saa 3 au 4 baada ya futari, tumbo likiwa limeshuka. Na hata aliyeruhusiwa, akihisi kizunguzungu, kutapika au homa, afungue pale pale.

Mwisho nakuomba ufanye jambo wiki hii. Tafuta kadi ngumu, andika kwa herufi kubwa: *Tezi yangu ya pituitari haifanyi kazi. Mwili wangu hautengenezi kotisoli. Nikizirai au nikitapika, nichomwe haidrokotisoni miligramu 100 kwa mshipa au kwa msuli mara moja, nipewe dripu ya chumvi, na nipimwe sukari.* Iweke katika mfuko wa plastiki usiopenya maji, uifunge katika kanga unapokwenda kwenye mwani, na nyengine ibaki nyumbani karibu na mlango. Mwombe daktari akuandikie kichupa cha haidrokotisoni na sindano ukae navyo, na nesi amfundishe mumeo au mtoto wako mkubwa namna ya kuchanganya na kuchoma pajani, kwani kutoka kwenu hadi hospitali usiku, mvua za masika zikiwa zimeharibu njia, si karibu. Wanawake unaolima nao mwani nao wajue kadi iko wapi. Kisha ukipata karatasi ya T4 huru niletee, na pembeni yake uwe umeandika ile saa.